Usiingie Peke Yako: Ukiitwa Kuhojiwa Kazini, Omba Uwe na Mtu

TAHARIRI

Iko barua moja ambayo jamaa zetu walioko Uingereza na Marekani wanaijua vizuri, ila hawapendi kuizungumza. Siku hizi mara nyingi haiji hata kwa bahasha. Inaingia kwenye simu, mtu ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee au kwenye ghala. Inasema: unatakiwa uhudhurie kikao siku fulani, saa fulani, ujibu tuhuma hizi na hizi. Na pengine, chini kabisa, pana mstari mmoja unaosema kwamba unaruhusiwa kufuatana na mtu. Aliyekwisha kushtuka hauoni mstari ule.

Leo tunataka kuusoma mstari ule kwa sauti. Tunavyoona sisi, hii ni katika haki ambazo watu wetu wanazipoteza kirahisi kabisa, na hawazipotezi kwa kunyimwa. Wanazipoteza kwa kutoomba.

Mtu wetu akipata barua ile, jambo la mwanzo ni kuificha. Mke haambiwi, baba aliyeko Maskati haambiwi, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ndiyo kabisa. Tuhuma ya wizi, ya uzembe, ya kumsemea vibaya mgonjwa, hiyo ni aibu, na aibu tumefundishwa kuisitiri. La pili, anajiambia: "Mimi sina kosa, nichukue mtu wa nini? Wataniona nina la kuficha." La tatu, anaingia peke yake, anakaa mbele ya watu wawili watatu wenye makaratasi yao, anahojiwa kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, na akitoka ameshatia saini kitu ambacho hakukielewa sawasawa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Aliyeficha barua mpaka siku ya kikao hana tena wa kumsaidia, kwa sababu siku zimekwisha.

Haki ya kuwa na mtu haikushuka yenyewe. Kwa Marekani ina kisa chake, na ni kisa kidogo sana, cha kuku wa dola moja. Tunakieleza kwa sababu kinafanana mno na yanayowafika watu wetu.

Katika mji wa Houston, Texas, palikuwa na kampuni ya maduka ya chakula ikiitwa J. Weingarten. Mama mmoja alianza kazi huko mwaka 1961 kwenye kaunta ya chakula, na mwaka 1970 akahamishiwa duka jengine la kampuni hiyo hiyo. Baadaye kampuni ikapata khabari kwamba mama huyu anaiba pesa. Mpelelezi wa kampuni akamwangalia kwa siku mbili bila ya mwenyewe kujua. Hakuona kitu. Akataka kumaliza shughuli yake, lakini meneja akamwambia kwamba kuna mfanyakazi mwengine kasema yule mama kachukua boksi la kuku la dola 2.98 na kalipa dola moja tu.

Akaitwa ofisini. Mama yule alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, akaomba aitiwe mwakilishi wake. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Basi akajieleza mwenyewe: kuku aliyenunua alikuwa vipande vinne, thamani yake dola moja, isipokuwa maboksi madogo yalikuwa yamekwisha, ndiyo akatia kwenye boksi kubwa. Mpelelezi akatoka kwenda kuhakikisha, akakuta ni kweli. Akarudi akamwomba radhi.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini mtu aliyehojiwa kwa muda mrefu peke yake, halafu akaambiwa kumbe hana kosa, huwa amekwisha kuvunjika. Mama yule akaangua kilio, akasema katika kazi yake yote hajapata kuchukua kitu cha duka bila ya kulipa, isipokuwa chakula chake cha mchana. Meneja na mpelelezi wakashtuka: chakula cha mchana? Duka alilotoka lilikuwa likiwapa wafanyakazi chakula bure. Hili jipya, kwa walivyojua wao, halikuwa likitoa. Wakaanza kumhoji upya. Akaomba mwakilishi, akakataliwa. Wakamwandikia karatasi ya kukiri kwamba anadaiwa kiasi cha dola 160 za vyakula alivyokula, atie saini. Alikataa.

Sasa sikilizeni. Karibu wafanyakazi wote wa sehemu ile walikuwa wakila bila ya kulipa, na mkuu wao pia alikuwa akila. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba haifai. Na makao makuu ya kampuni walipopigiwa simu hawakuwa na hakika kama katazo hilo lipo au halipo. Kwa hivyo mama wa watu alitolewa machozi na akatakiwa alipe dola 160 kwa jambo ambalo kampuni yenyewe haikujua kama ni kosa. Lau angekuwemo mle ndani mtu mmoja anayejua mambo ya duka lile, angesema neno moja tu: "Hapa kila mtu anakula." Kikao kingekwisha.

Alipotoka, mama yule aliambiwa asimwambie mtu. Ni jambo baina yake na kampuni, likae siri. Hakuliweka siri. Alikwenda kwa mwakilishi wake akamhadithia yote, na chama kikapeleka mashtaka kwenye bodi ya taifa inayosimamia uhusiano wa kazi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 19 Februari 1975, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikaamuliwa kwamba mfanyakazi anayeogopa, kwa sababu za maana, kwamba mahojiano yanaweza kumletea adhabu, ana haki ya kutaka mwakilishi wa chama chake awepo. Jaji William Brennan, aliyeiandika hukumu, alieleza jambo ambalo yeyote aliyewahi kukalishwa kiti kile analijua: mtu akiwa peke yake mbele ya tajiri wake anaweza kuingiwa na khofu au akakosa maneno ya kueleza yaliyotokea, au asijue kama ana udhuru unaomfaa.

Mpaka leo haki hiyo Marekani inaitwa kwa jina la duka lile, haki za Weingarten. Na ina masharti yake ambayo jamaa zetu wa huko lazima wayajue.

Sharti la mwanzo: uombe mwenyewe. Sheria hiyo haimlazimishi tajiri akukumbushe. Ukinyamaza ukajibu masuali, umeshaiacha haki yako. Ukiomba, tajiri ana njia tatu: akubali na asubiri mwakilishi aje, au akatae na asimamishe mahojiano, au akupe khiari wewe, uendelee bila ya mtu au mahojiano yasifanyike. Kukulazimisha ujibu peke yako baada ya kuwa umeomba, hilo halimo. Mwakilishi naye haendi kupigana. Anasaidia kueleza, anataka suali gumu lifafanuliwe, anataja mashahidi wengine. Lakini hawezi kukizuia kikao kisiendelee.

Sharti la pili ni zito zaidi: haki hii kwa sasa ni ya sehemu zenye chama. Mwaka 2000 bodi ile ya kazi iliipanua ikawafikia hata wasio na chama, na mwaka 2004 ikairejesha nyuma. Na Marekani mwaka 2024 wenye vyama hawakufika hata mfanyakazi mmoja katika kila kumi. Kwa hivyo kijana wetu anayefanya kazi Columbus au Houston mahali pasipo na chama anaweza kuomba aje mwenzake, na aombe, lakini ajue kwamba hapo anaomba hisani.

Uingereza mambo ni tofauti, na kwa upande huu ni mazuri zaidi. Haki yao imeandikwa kwenye Sheria ya Uhusiano wa Ajira ya mwaka 1999, na haitazami kama kazini kwenu pana chama au hapana. Hata tajiri asiyekitambua chama chochote inamhusu. Inawahusu mpaka wanaopelekwa kazini na mawakala, na hapo wamo wengi wa kwetu, na haiangalii umefanya kazi miaka kumi au wiki mbili. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu kinachoweza kukuletea onyo rasmi au adhabu nyengine, au kikao cha kusikiliza malalamiko yako wewe, una haki ya kufuatana na mfanyakazi mwenzako, au na mtu wa chama cha wafanyakazi.

Hapa familia zetu zinakosea jambo moja. Mume hahesabiki. Kaka hahesabiki, hata akiwa Kiingereza chake kimenyooka. Mzee wa msikitini na rafiki wakili pia hawamo katika sheria hiyo. Tajiri akitaka anaweza kuwaruhusu, lakini hakulazimishwa. Anayelazimika kumkubali ni mwenzako wa kazini au mtu wa chama. Na baina ya hao, wewe ndiye unayechagua. Mahakama ya rufaa ya mambo ya kazi ya huko ilisema mwaka 2013 kwamba si kazi ya tajiri kukuchagulia nani anafaa.

Huyo uliyemchagua anaruhusiwa kuieleza hoja yako, kuhitimisha maneno yako, kujibu kwa niaba yako maoni yanayotolewa mle ndani, na kunong'onezana nawe katikati ya kikao. Asichoruhusiwa ni kukujibia masuali. Suali ulilotupiwa wewe unalijibu wewe. Kama siku iliyopangwa hawezi kuja, unaweza kutaja siku nyengine iliyo ndani ya siku tano za kazi baada ya ile ya mwanzo, na tajiri lazima aahirishe. Akikataa, unaweza kumpeleka kwenye baraza la kazi. Fidia yake si kubwa, haizidi mshahara wa wiki mbili, lakini kikao kilichoendeshwa vibaya kinaweza kukusaidia sana ikiwa baadaye utashitaki kwamba umefukuzwa bila ya haki.

Pana tundu moja pia. Kikao cha uchunguzi tu, kile wanachokwambia "tunataka kujua kilichotokea", hakimo katika sheria ya 1999. Na huko ndiko watu wanakojifunga kwa ulimi wao, maana maneno ya kikao cha kwanza ndiyo yanayosomwa kwenye kikao cha pili. Matajiri wengi wanakubali ukiomba, na utaratibu wa kampuni yenu wenyewe unaweza kuwa umeandika hivyo. Basi omba, kwa maandishi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu, sisi hatukuyazoea. Si kweli. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka tajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi achague mwenzake au mwakilishi wa chama awepo wakati wa kuelezwa. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi muda wa kujitayarisha, si chini ya saa 48 kwa kawaida, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Na kabla ya sheria zote hizo, nani kwetu hajui kwamba kadhi hakati hukumu mpaka asikie pande mbili?

Hapa Ghuba je? Lazima tuseme ukweli, hali si moja. Oman imeruhusu vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 2006, na shirikisho lao kuu likaundwa mwaka 2010. Bahrain na Kuwait pia vyama vipo. Saudia na Emirati hakuna vyama vya wafanyakazi, kwa hivyo huwezi kumwita mwakilishi ambaye hayupo. Lakini hata huko sheria haikumwacha mtu mkono mtupu. Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 71, inakataza kumpa mfanyakazi adhabu mpaka aandikiwe anachotuhumiwa, ahojiwe, asikilizwe utetezi wake, na yote yaandikwe kwenye kumbukumbu zinazowekwa kwenye faili lake. Makosa madogo tu ndiyo yanayoweza kuhojiwa kwa mdomo. Kanuni za Emirati za mwaka 2022 nazo zinataka tuhuma ya maandishi na kusikilizwa. Kwa hivyo ukiitwa ofisini kwa meneja Dubai au Jeddah, usiseme "ndiyo bwana" ukatoka. Sema kwa adabu: "Naomba niandikiwe, na nitajibu kwa maandishi."

Sasa tuje kwenye lililo zito kwetu sisi wenyewe. Tumezungumza kana kwamba sote tunakaa upande wa kiti cha kuhojiwa. Wengi wetu tunakaa upande wa pili. Tuna maduka, tuna kampuni ndogo ndogo, na majumbani mwetu wamo wasichana wa kazi waliotoka Tanga, Mombasa na Kampala. Bangili ikipotea ndani ya nyumba, kinafanyika nini? Mama anauliza, baba anauliza, watoto wakubwa wanauliza, wote kwa pamoja, na msichana kasimama katikati ya ukumbi. Simu yake inachukuliwa "mpaka jambo lijulikane". Tarehe ya tiketi inatajwa. Hicho ndicho kikao cha nidhamu cha nyumbani, na aliyeitwa hana mwenziwe, hana muda, hana hata simu ya kumpigia dada yake. Bangili ikionekana nyuma ya kabati, mara ngapi anaombwa radhi? Yule mpelelezi wa Houston angalau alirudi akaomba.

Hatuwezi kumtakia haki mtoto wetu aliyeko Birmingham na tukamnyima mtoto wa mwenzetu aliye jikoni kwetu. Hili halingojei amri ya serikali. Ukimtuhumu mtu anayekufanyia kazi, mwambie wazi unamtuhumu nini, kwa lugha anayoijua. Mwachie simu yake. Mpe nafasi amwite mtu anayemuamini, jamaa yake, mwenziwe wa nyumba ya pili, aje akae naye. Mpe siku moja afikiri kabla hujaamua. Kama ana kosa, litaonekana hata mtu wake akiwepo. Kama hana, utakuwa umejiepusha na dhulma.

Tunajua hoja ya wenye kazi: ukiruhusu kila mtu aje na mtu wake, kila jambo dogo litakuwa mahakama. Kesi ya Weingarten yenyewe inajibu. Kampuni ilimkatalia yule mama mwakilishi, na kikao kilichokuwa kimekwisha kikaanza upya, na ugomvi wa chakula cha mchana ukasafiri mpaka kwa majaji tisa. Mtu wa pili anayejua mambo ya kazi humfaa tajiri pia, kwa sababu humwonyesha ukweli mapema.

Kwa jamaa zetu wa ng'ambo, tunawausia haya. Jiunge na chama sasa, hali ya kuwa huna tatizo, kwa sababu vyama vingi havichukui ugomvi ulioanza kabla hujajiunga. Ada yake ya mwezi unaweza kuiona inauma. Kufukuzwa kunauma zaidi, khasa kwa ambaye ruhusa yake ya kuishi nchini imefungwa na kazi yake. Barua ikija, usikae nayo hata siku moja. Jibu kwa maandishi kwamba utahudhuria na utafuatana na mtu, umtaje jina. Kama Kiingereza cha ofisini kinakupiga chenga, omba mkalimani kwenye barua hiyo hiyo. Usikatae kwenda, kwa sababu kukataa kunaweza kuhesabiwa kosa jengine. Usiseme uongo. Wala usitie saini karatasi yoyote siku ile, khasa ya kujiuzulu, kabla mtu wako hajaisoma.

Na kwa wazazi mlioko Maskati, Sohar, Dubai na Doha: mkizungumza na watoto wenu wiki hii, mkishaulizana hali na baridi, ongezeni suali moja. Muulizeni: "Mwanangu, kazini kwenu ukipata tatizo, nani wa kukaa nawe?" Kama hana jibu, basi alitafute kabla hajaandikiwa barua. Na mwambieni kabisa kwamba siku akitajwa kwa jambo baya, mlango wenu uko wazi, hatokaripiwa kwa kuwaambia. Wengi wao wananyamaza kwa kutuogopa sisi kuliko wanavyomuogopa meneja.